Bandama la Kiguu

Doa la kwanza lilitokea pajani, kubwa kama kiganja, la rangi ya biringanya. Kiguu aliliona akioga. Akalibonyeza kwa kidole, akaona haliumi sana, akailaumu meza. Meza ya kukatia vioo pale kazini ilikuwa na kona kali, naye hakuwahi kupita kona yoyote bila kuisalimia kwa mwili. Akajimwagia maji, akavaa, akatoka mbio.

Mbio ndizo zilizokuwa kawaida yake. Jina la Kiguu alipewa na marehemu mama yake, aliyechoka kumtafuta majumbani mwa watu. "Huyu mtoto ni kiguu na njia," alikuwa akisema, "hata kaburini atahama." Jina likakua naye, likaingia naye kwenye ndoa, na sasa, mwanamke anayekaribia arobaini, fundi wa vioo mwenye kibanda chake, wateja wengi hawakujua kama ana jina jingine. Alikata vioo vya madirisha, vya makabati, vya fremu za picha za harusi. Alifanya kazi amesimama na chai alikunywa amesimama. Watu walitaniana kwamba ukimkuta Kiguu ameketi, usimsalimu, mpe pole kwanza.

Mumewe alikuwa kinyume chake. Alikuwa kinyozi, tena kinyozi wa ajabu, maana hakuwa na maneno. Wenzake wa kazi ile humaliza siasa, mpira na ndoa za watu kabla mashine haijafika kisogoni. Yeye aliuliza, "Tupunguze au tumalize?" na baada ya hapo hukumsikia tena mpaka akutikise bega uamke. Wateja walimpenda kwa hilo hilo. Mwenye kichwa kinachouma alijua pa kwenda.

Madoa yakaongezeka. Moja kwenye nyonga, mawili kwenye mkono wa juu, jingine mgongoni mahali ambapo hakuna meza inayofika. Akipiga mswaki, povu lilitoka jekundu. Siku zake za mwezi zilikuja na kukaa kama mgeni asiyeaga. Miguuni, kuanzia kwenye vifundo, vikachipuka vidoa vyekundu vidogo sana, kama amechomwachomwa na ncha ya sindano. Hayo yote hakumwambia mtu. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini Kiguu aliamini maradhi ni kitu kinachowapata watu waliokaa.

Wa kwanza kuuliza alikuwa jirani yake wa kazi, mtengenezaji wa milango na fremu, ambaye wote walimwita Alumini. Siku hiyo Kiguu alikuwa amekunja mikono ya blauzi. Juu ya kiwiko palikuwa na alama nne zimepangana.

"Dada, mkono umefanyaje?"

"Meza."

"Meza ina vidole?"

Kiguu alitazama mkono wake, akacheka. Jana yake mvua ilinyesha, na mumewe alimshika pale ili avuke mtaro. Alimshika kama mtu anavyomshika mkewe, basi. "Ni mume wangu," akasema, akiendelea kupima kioo, "alinishika tukivuka mtaro."

Alumini akarudi kwenye milango yake. Na kicheko kile ndicho kilichoharibu kila kitu, kwa sababu Alumini alikuwa na dada aliyewahi kuolewa na mtu wa mkono mwepesi, na dada huyo naye alikuwa akicheka.

Penye wengi pana mengi. Maneno yalitoka kwenye vibanda vya ufundi, yakavuka barabara, yakaingia kwenye foleni ya bomba, na kufikia mwisho wa mwezi yalikuwa yameketi kwenye viti vya kungojea pale kwa kinyozi. Mteja mmoja wa siku nyingi alimwambia, mashine ikiwa kisogoni, "Mwanamke hapigwi, bwana. Mwanamke anaambiwa." Kinyozi alizima mashine, akamwangalia kwenye kioo, akaiwasha tena. Viti vya kungojea vikaanza kubaki vitupu. Lisemwalo lipo, walisema watu, na kama halipo laja.

Mwisho habari zikamfikia kaka yake Kiguu, askari jela mstaafu, mtu wa mabega mapana aliyezoea kuuliza maswali na kujibiwa. Alikuja Jumamosi mchana. Akakataa chai, akakataa hata mto wa kiti.

"Shemeji," akamwambia Kinyozi, "nataka uniambie, mdogo wangu ana nini mwilini?"

Kinyozi akamjibu: "Sijui."

"Hujui? Mnalala chumba kimoja, hujui?"

"Sijui, shemeji. Hata mimi namwona tu."

"Kaka, hanipigi!" Kiguu aliruka kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Huyu? Huyu hata mende anamfungulia mlango atoke!"

"Wewe nyamaza. Wote husema hivyo." Akamgeukia tena shemeji yake. "Gerezani nilikaa na watu wapole mno. Wengine walikuwa hawasemi, kama wewe hivi. Siku nikiona alama nyingine, mimi na wewe hatutazungumza kwa mdomo."

Mtu mwingine angefoka, angeapa, angegonga meza. Kinyozi alitazama mikono yake tu, na kimya chake kikasimama pale sebuleni kama mtu aliyekiri.

Tangu siku ile akaacha kumgusa mkewe. Hakusema kwamba ameacha. Akimpa kikombe alikiweka mezani. Mlangoni alimpisha kwa hatua mbili. Akaanza kulala sebuleni, akisingizia joto. Na madoa hayakukoma, jambo ambalo lingepaswa kuwafumbua macho, lakini Kiguu mwenyewe alikuwa amechanganyikiwa. Usiku aligeuka huku na huku, moyo juu juu, na mchana alifanya kazi kwa fujo kama anayekimbizwa. Binti yao, aliyekuwa karibu kumaliza shule ya msingi, alimkuta akifua, akakaa pembeni ya beseni, akauliza:

"Mama, baba anakupiga nikiwa shule?"

Kiguu aliliacha shati likazama. "Nani kakwambia?"

"Wote wanasema."

"Baba yako hajawahi kuninyanyulia mkono. Unanisikia?"

"Nakusikia," mtoto alisema. Lakini alivyosema ilikuwa wazi kwamba kusikia na kuamini ni vitu viwili, na jambo hilo lilimuuma Kiguu kuliko madoa yote.

Kilichomfikisha hospitali ni kijipande cha kioo kisichozidi punje ya mchele. Alikuwa akivunja ukingo wa kioo cha kabati kwa koleo, kijipande kikaruka, kikamkata chini ya dole gumba. Fundi wa vioo hukatwa kila wiki. Unafyonza, unafunga kitambaa, unaendelea. Akafunga kitambaa. Kikaloa. Akafunga kingine. Alumini alipogeuka, alimwona amesimama anatazama mkono wake kwa mshangao, damu ikitiririka mpaka kwenye kiwiko, na sakafu chini yake ina kidimbwi.

"Haitaki kusimama," Kiguu alisema, kana kwamba anamsemea mtoto mkaidi.

Hospitalini walimkandamiza, wakamshona, wakachukua damu ya kupima. Muuguzi mmoja alipoona mikono na mgongo, alivuta pazia, akainama karibu. "Mama, hapa tuko wawili tu. Nani anakufanyia hivi?"

Kiguu akaangua kilio. Hakulia kwa maumivu. Alilia kwa sababu hata huyu, aliye mgeni kabisa, ameuliza lile lile.

Majibu yaliletwa na daktari wa magonjwa ya damu, mwanamke mfupi aliyetembea haraka, na Kiguu akampenda kwa mwendo huo. Wakati huo Kinyozi alikuwa ameshafika, na kaka mtu pia, kila mmoja amesimama upande wake wa kitanda.

"Kwenye damu kuna chembe ndogo ambazo kazi yake ni kuziba," daktari alisema. "Ukijikata au ukijigonga, zinakimbilia pale na kugandisha damu. Mtu mzima huwa nazo tele. Zako zimebaki chache mno. Hata ukishikwa tu mkono, damu inavujia chini ya ngozi, ndiyo hayo madoa."

"Zimekwenda wapi?"

"Kinga ya mwili wako imezikosea. Inazidhani adui, inazitia alama, na zikipita kwenye bandama, bandama linazimeza." Akamgusa chini ya mbavu za kushoto. "Liko hapa. Wengine wanaliita wengu. Kazi yake ni kuchuja damu na kukamata wadudu wa magonjwa. Lenyewe halina kosa, linakula linacholetewa."

Kaka mtu alikohoa. "Kwa hiyo hakupigwa?"

Daktari alimwangalia kana kwamba swali limetoka dirishani. "Hakupigwa na mtu."

Yule kaka akabaki amesimama kidogo, akafunga kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimefungwa tayari, akatoka nje bila kuaga. Kinyozi naye aliketi ukingoni mwa kitanda cha jirani, akaziba uso kwa mikono yote miwili.

Ingekuwa vizuri kama mambo yangeishia hapo. Walimwanzishia vidonge vya kutuliza kinga ya mwili. Chembe zikapanda, madoa yakafifia, na Kiguu akageuka kuwa dhoruba. Vidonge vile vilimnyima usingizi. Uso ukamvimba ukawa mviringo kama sahani. Alikula kama mpiga kasia. Asubuhi kabla ya jogoo alikuwa ameshahamisha kabati, amesugua sufuria kwa mchanga, na amegombana na paka. Mteja aliyeuliza kwa nini kioo chake kimechelewa aliambiwa akakikate mwenyewe kwa meno. Kila daktari alipopunguza dozi, chembe nazo zilishuka, na madoa yakarudi. Wakajaribu dawa nyingine, ya kudungwa. Yakawa yale yale, kujaza ndoo iliyotoboka.

Ndipo daktari alipoanza kuzungumzia upasuaji.

"Watu hutolewa bandama kwa sababu nyingi," alimwambia Kiguu na mumewe. "Wapo walioanguka au kugongwa na gari likapasuka, damu ikajaa tumboni. Hao hukimbizwa chumba cha upasuaji, hakuna wa kuulizwa. Wapo waliozaliwa na chembe nyekundu zenye umbo bovu, bandama likawa linazivunja bila kupumzika. Wapo ambao limevimba mpaka hawawezi kushiba, au limeota uvimbe. Wewe wako ni ugonjwa ambao dawa zimeshindwa kuushika. Hatujafika kwenye mbio za wale wa ajali, kwa hiyo una nafasi ya kufikiri."

"Likitoka nitapona?"

"Katika watu watatu, wawili hupona au hukaribia kupona. Wa tatu tunaendelea naye kwa dawa."

"Na mimi ni wa ngapi?"

"Sijui, mama. Hakuna anayejua kabla."

Akaeleza na upande wa pili. Mtu anaweza kuishi bila bandama, ini na viungo vingine vitasaidia, lakini ulinzi hautakuwa ule wa zamani. Atachanjwa kabla ya kupasuliwa. Na maisha yake yote, akishikwa na homa, hata ndogo, asingoje kesho. Aende hospitali saa ile ile, aseme hana bandama, kwa sababu ugonjwa ambao kwa mwingine ni wa kulala siku mbili, kwake unaweza kummaliza ndani ya siku moja.

Kiguu alikubali pale pale. Njiani akakataa. Kwenye chakula cha jioni akakubali tena. Kaka yake alipeleka ujumbe kwamba kiungo alichoweka Mungu hakiondolewi na binadamu, naye Kiguu akamjibu kwamba Mungu huyo huyo ndiye aliyeziweka kucha na kaka hukata zake kila Ijumaa. Akachanjwa. Akangoja. Kungoja ndiko kulikomtesa, kwa sababu yeye alijua kufanya, hakujua kungoja.

Siku moja kabla ya upasuaji, akiwa ameshalazwa, alikaa wodini mpaka baada ya chakula cha mchana. Akahesabu nyufa za dari. Akamkunjia jirani yake shuka. Kisha akavaa gauni lake juu ya lile la hospitali, akampita mlinzi kwa salamu nzuri, na kupanda gari la kwanza lililosimama.

Alumini alimkuta kibandani ameshatandika kioo mezani, ana kikatio mkononi, kandambili za wodi miguuni.

"Wewe! Si uko hospitali?"

"Kuna fremu ya mtu hapa."

"Fremu gani? Lete hicho." Akamnyang'anya kikatio taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaenda nyuma kupiga simu.

Kinyozi alikuja na aproni yake ya kazi, nywele za mteja zimemganda kwenye mikono ya shati. Alumini akakumbuka ana msumari wa kununua, akawaacha.

"Unaogopa kisu?" Kinyozi aliuliza.

"Siogopi kisu. Naogopa kisiposaidia. Wakinipasua, halafu madoa yarudi, watu watasema nini juu yako?"

"Watasema."

"Na wewe?"

Kinyozi alikaa juu ya kreti. "Mimi najua sikukupiga," akasema. "Lakini kuna siku nilianza kujiuliza. Kaka yako alivyoniangalia, nikasema labda mikono yangu inafanya mambo nikiwa usingizini. Ndiyo maana nikahamia sebuleni. Na hata daktari aliposema, mikono haikusikia. Nikitaka kukushika, inakataa."

Kiguu hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Akasogea, akaukunja mkono wa gauni mpaka begani. "Nishike."

"Litatoka doa."

"Litoke. Nishike kama siku ile ya mtaro."

Akamshika. Mwanzoni kama anashika yai, halafu kama mtu anavyomshika mkewe. Wakakaa hivyo mpaka Alumini aliporudi bila msumari.

"Kesho wakiliona," Kiguu alisema, "nitawaambia hili ni la mume wangu, mengine yote ya bandama." Akacheka, na mara hii Kinyozi naye alicheka. Wakarudi hospitali. Muuguzi wa zamu aliwagombeza wote wawili kama watoto watoro.

Upasuaji ulipita salama. Walimtoboa matundu madogo tumboni, bandama likatoka. Kiguu alipozinduka aliomba kuliona. Daktari mpasuaji akamwambia limeshapelekwa maabara, halikuzidi ukubwa wa ngumi. "Kadogo hivyo?" akasema kwa sauti ya dawa, "na limenigombanisha na dunia nzima?" Kitandani alikaa kwa kulazimishwa. Siku ya pili alikuwa akitembea ukumbini akisukuma kile chuma cha dripu, akiwauliza wagonjwa wengine wanaumwa nini. Chembe zake zilipanda asubuhi hiyo, zikapanda kesho yake, zikaendelea kupanda hata walipoanza kumwondolea vidonge. Alikuwa miongoni mwa wale wawili.

Wiki chache baadaye kaka mtu alitokea kwenye duka la Kinyozi. Kulikuwa na wateja watatu kwenye foleni, wote wakasogea kumpisha. Mzee alipita moja kwa moja, akakaa kwenye kiti.

"Tupunguze au tumalize?" Kinyozi akauliza.

"Ndevu. Kwa wembe."

Watu wote walijua mzee yule hujinyoa mwenyewe nyumbani tangu ujana wake. Kinyozi alipaka povu, akafungua wembe mpya mbele yake, akamwinua kidevu mpaka koo likawa wazi lote.

"Tulia, shemeji."

"Nimetulia."

Wembe ulipita polepole, chini mpaka juu, pale mshipa unapopiga. Mzee alifumba macho. Alipofutwa uso alijitazama kwenye kioo, akajipapasa shingo.

"Hata mkwaruzo," akasema.

"Ndiyo kazi yangu."

Hayo ndiyo maneno yote waliyowahi kuambiana juu ya jambo lile. Baadhi ya wateja wakarudi. Wengine hawakurudi kamwe, na wapo mpaka leo wanaosema yule mwanamke alinyamazishwa tu. Binti yao yeye alipona mashaka yake bila kuambiwa. Siku moja alimrukia baba yake mgongoni alipokuwa ameinama kuvaa viatu, basi ikawa imekwisha.

Homa ilikuja mwaka uliofuata, Jumapili asubuhi, Kiguu akianika nguo. Meno yakaanza kugongana. "Uchovu tu," alisema. "Nitameza vidonge viwili nijilaze." Kujilaza! Neno hilo peke yake lilimtisha Kinyozi. Alikuwa ameshavaa viatu.

Mapokezi palikuwa pamejaa. Karani alisema, bila kuinua kichwa, "Mkae pale, mtaitwa."

"Mke wangu ana homa," Kinyozi alisema.

"Kila mtu hapa ana homa, baba. Mkae pale."

Na hapo yule mtu asiyekuwa na maneno akapiga meza ya mapokezi kwa kiganja. "Hana bandama!" Sauti yake ilijaa ukumbi, watoto wakaacha kulia. "Unasikia? Mke wangu alitolewa bandama, ana homa, na daktari alisema asingoje! Sikai, na yeye hakai. Niitie daktari sasa hivi!"

Kiguu, akitetemeka ndani ya khanga mbili, alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. Daktari wa zamu alikuja anakimbia. Sindano ya dawa ya kuua vijidudu iliingia kabla hata jina lake halijaandikwa. Ulikuwa ni ugonjwa wa mapafu, umeanza tu. Walimlaza siku kadhaa, na daktari alisema wangechelewa mpaka jioni asingependa kusema kingetokea nini.

"Kumbe una sauti," Kiguu alimwambia mumewe, homa iliposhuka.

"Usinizoeshe."

Kiguu alirudi kazini kabla ya siku aliyoruhusiwa, kama ilivyotarajiwa. Kulikuwa na kioo cha mbele ya duka kimekatwa, kirefu kuliko mlango, na kinahitaji watu wawili wanaoelewana. Alumini alikuwa amesafiri. Kinyozi akafunga duka lake mapema, akaja, akavaa glovu, akashika upande wa pili.

"Tayari?" akauliza.

"Polepole," alisema Kiguu. "Nyanyua."